Jinsi Tulivyolimaliza Neno "Kidogo"

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kazi redioni, mnaovaa vitambulisho shingoni kabla hamjapewa hata kiti cha kukalia, mimi ni mstaafu. Najua mnacheka. Nimestaafu utangazaji wa mpira kabla sijaota mvi hata moja, na kiinua mgongo changu ni kikombe cha plastiki chenye jina la kituo, kilichovunjika mkono. Lakini mtu aliyeacha kazi kwa sababu yenye akili ana haki ya kukaa na kuwaeleza wanaoanza, na mimi sababu ninayo.

Mmeshaniuliza kwa nini watu wa Mkiwa wakiniona nimeshuka kwenye basi wananiita Dada Kidogo. Mnadhani ni kwa sababu ya kimo. Jina hilo ni la kazi. Na kwa kuwa nyie ndio mtakaokalia viti vyetu, ni bora mjue tuliyaachaje yale maneno ya mechi za kukaribiana: kwa mbinde, chupuchupu, ushindi mwembamba, sako kwa bako, kidogo aingize. Tuliyakuta mapya kama noti za benki, tumewaachia yamechakaa mpaka sura hazionekani.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Jumbe, mkuu wa michezo. Mzaliwa wa Singida mjini, babu yake alikuja kutoka pwani kuuza chumvi, akaonja kuku wa huku, hakurudi tena. Mzee Jumbe alikuwa na sauti ya kumfanya mtu aache kula ili asikilize. Nikampa shikamoo, akaniketisha, akanimiminia chai ya tangawizi, halafu bila kuniuliza nimesoma nini akaanza kunifundisha ngazi ya maneno.

"Timu ikifungwa moja, sema imeteleza. Ikifungwa mbili, imefungwa kwa mbinde. Tatu, sema wapinzani wamepata ushindi mwembamba."

"Tatu bila ni ushindi mwembamba, mzee?"

"Unene wa ushindi anaupima nani?"

"Na nne?"

"Nne ilikuwa patashika."

"Na sita?"

Akanywa chai yake taratibu. "Sita usitaje namba, binti yangu. Sema bahati haikuwa upande wao, wamekosa kidogo."

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Huo ugonjwa hauna dawa, na mwenye nao hualikwa kwenye harusi mara moja tu. Nikamuuliza kwa nini tusiseme kilichotokea, watu wakachukua chao wakaondoka.

"Aliyeshinda hasikilizi redio," akasema. "Yuko barabarani anaimba. Anayesikiliza ni aliyefungwa. Amejiinamia kwake, anataka kusikia kama ni kweli. Wewe unaongea na huyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya maneno ya Mzee Jumbe. Yalikuwa na huruma na yalikuwa na akili, kwa hiyo ilikuchukua muda kugundua kuwa yalikuwa uongo.

Sikumtii mara moja. Jumamosi iliyofuata Upepo FC ya Mgori, kijijini kwetu mimi, ilisafiri mpaka Kiomboi ikafungwa sita bila majibu. Nikaingia studio nikasema: Upepo ya Mgori imefungwa mabao sita kwa sifuri. Nikataja wafungaji. Nikataja hata dakika, kwa kujisikia.

Jumatatu asubuhi wazee watatu kutoka Mgori walikuwa wamekaa kwenye benchi la mapokezi, kofia magotini. Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo. Nikawaamkia mmoja mmoja, wakaitikia kwa upole ule unaotisha.

"Binti," akasema baba mdogo, "tumetumwa na kijiji. Tunaomba kujua tumekukosea nini."

"Hamjanikosea, baba mdogo. Si mlifungwa sita?"

"Tulifungwa. Nani amekataa? Tulikuwepo." Akawaangalia wenzake. "Lakini kulikuwa na haja ya kuhesabu?"

Walikuwa wametuletea jogoo. Haikuwa hongo; walileta kwa sababu huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kama unakwenda kulalamika. Yule jogoo alifungwa miguu chini ya meza ya Mzee Jumbe na akawika katikati ya taarifa ya habari ya saa nne. Mzee Jumbe hakunigombeza. Alinisogezea kikombe cha chai tu. Wiki iliyofuata Upepo ilifungwa tano, nami nikasema wamekosa kidogo, na hakuna mzee aliyepanda gari kuja mjini.

Hivyo ndivyo nilivyojiunga.

Nataka muelewe jinsi maneno yanavyoenea, kwa sababu chuoni hamtafundishwa. Mwanzo yalikuwa ya mpira peke yake. Halafu mtu wa habari za jamii akaona yanalipa. Mgombea mmoja wa chama cha wakulima wa alizeti alipigiwa kura na mke wake na shemeji yake, na sisi tukatangaza kuwa ameshindwa kwa tofauti ndogo. Nikamuuliza mwenzangu, ndogo ikilinganishwa na nini? Akasema, "Ikilinganishwa na ambavyo ingekuwa kama shemeji angesafiri." Kijiji kimoja kikaahidiwa maji, mabomba yakaishia nyuma ya kilima, tukasema maji yamekosa kidogo kufika. Ukikaa kwenye mgahawa ungesikia kijana anasema alikosa kidogo kuoa, ukidadisi unagundua hakuwahi hata kumsalimia huyo binti. Mkoa mzima ulikuwa unaponea chupuchupu na hakuna aliyekuwa anaumia.

Mgori ndiyo ilidhurika kuliko wote, kwa sababu iliamini. Kila Jumatatu watu walikaa kwenye kikao cha timu na kuanzia pale redio ilipoishia. Tumekosa kidogo, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Unabadilishaje kitu kilichobaki kidogo? Kipa wao, Mwiru, alikuwa mtu mzuri sana na kipa mbaya sana. Alikuwa na tabia moja: mpira ukishampita, au akidhani umempita, alikaa chini. Hakulala wala kugaagaa, alikaa tu, kama mtu aliyefika kwake baada ya kutembea. Mara tatu aliomba aachwe akalime alizeti zake. Kikao kilimkatalia. Walimwambia, "Mwiru, redio imesema uliokoa michomo ya hatari." Aliniambia mwenyewe siku moja, kwa masikitiko: "Dada, hebu nisaidie. Siku moja tu uniseme vibaya."

Sikumsaidia. Nilimwambia anajidharau.

Sasa niwape ufundi kidogo, msije mkasema mstaafu amekaa kulalamika tu. Uwanja wa Mgori wakati huo ulikuwa na milingoti miwili ya mti kila upande, na mwamba wake ulikuwa kamba ya katani. Hata hivyo nilikuwa natangaza "mpira umegonga mwamba" na watu waliokuwa pale pale uwanjani, wanaiona ile kamba ikicheza kwa upepo, walikuwa wanashika vichwa. Wavu haukuwepo. Bila wavu, goli ni suala la maoni.

Mtandao wa simu ulikuwa unakamata sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya goli la kaskazini. Tulikuwa tunatangaza kwa simu, kwa hiyo hicho kichuguu ndicho kilikuwa studio yetu. Ukisimama hapo, upepo wa Singida unaingia kwenye simu na msikilizaji anadhani unatangaza ukiwa ndani ya tanuri. Dawa yake: kunja kanga mara mbili, funika simu na mkono wako, ongea ukiwa umeinama kama unayemnong'oneza mtoto siri. Na ukiwa nyuma ya goli, usiufuate mpira unapokuja. Utakudanganya, maana kwa mbali kila mpira unaonekana unaingia. Tazama chini ya mlingoti, subiri, acha mpira uje kwenye jicho lako. Hapo utajua umepita ndani au nje, na utajua kwa kiasi gani. Ufundi huu niliupata kwa kukosea misimu miwili mizima, nawapa bure.

Kitu kingine mtakachokikuta: watu wanakuja uwanjani na redio. Mechi iko mbele ya macho yao, lakini wanaishikilia redio sikioni ili wajue wanachokiona. Jumamosi Mgori ulikuwa ukisema neno kwenye kichuguu, linakurudia kutoka pande zote za uwanja kwa sauti yako mwenyewe.

Basi ukaja msimu ambao uwanja wenyewe uliwekwa rehani. Alitokea mtu anayetaka kujenga kiwanda cha kukamua alizeti, akapapenda pale pale uwanjani kwa sababu pametandazika na barabara iko karibu. Mkutano wa kijiji ukagawanyika. Mwisho wakaamua hivi: Upepo ikibaki kwenye ligi ya mkoa, uwanja unabaki. Ikishuka, uwanja wa nini? Apewe mwenye kiwanda. Aliyeumia ni Kocha Ntandu wa Upepo. Yeye ndiye aliyeung'oa visiki ule uwanja akiwa kijana, kwa jembe na shoka, na jioni alikuwa anafundishia pale watoto wa shule, wasichana kwa wavulana, timu ya watu wazima ikiwa imeshakwenda kunywa. Aliniambia, "Wakichukua hapa, wale watoto nitawapeleka wapi? Kila pengine ni mawe."

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Njiapanda FC ya Mkiwa. Upepo ilihitaji sare tu. Na niwaambie ajabu: siku hiyo Upepo ilicheza. Sijui ilitoka wapi. Mabeki walikuwa wanakaba, viungo walikuwa wanapasiana wao kwa wao badala ya kuwapasia wageni, na Mwiru alikuwa amesimama kipindi cha kwanza chote. Nilikuwa kwenye kichuguu natangaza mechi ya kukaribiana ya kweli kwa mara ya kwanza toka nianze kazi, na nikagundua sina neno. Yote nilikuwa nimeshayatumia. Nikasema ni patashika. Niliwahi kusema hivyo mechi ikiwa saba bila. Nikasema ni sako kwa bako. Wiki iliyotangulia niliisema kuhusu timu iliyomaliza na wachezaji wanane.

Dakika za mwisho, bado sifuri kwa sifuri. Ukaja upepo. Mnaujua upepo wetu wa kiangazi, unaobeba shamba la mtu na kulipeleka kwa jirani. Vumbi likafunika uwanja. Mshika kibendera akajifunika uso kwa kile kibendera chake. Refa, Mwalimu Sungi wa shule ya msingi, alikuwa katikati huko amekunja macho. Ndani ya vumbi mshambuliaji wa Njiapanda akapiga shuti kuja upande wangu.

Nilifanya kama ninavyowafundisha. Sikuutazama mpira, nilitazama chini ya mlingoti wa kushoto, nikasubiri. Mpira ukaja. Ukapita nje. Kati ya mpira na mlingoti ungeweza kupitisha kiganja cha mkono, kikiwa kimesimama wima, basi.

Nikasema, kwa sauti yangu yote, "Kidogo! Kidogo aingize!"

Na uwanja mzima ukanirudishia, redio moja baada ya nyingine ndani ya vumbi: kidogo, kidogo aingize, kidogo.

Vumbi lilipotulia, Mwalimu Sungi alikuwa na ushahidi wa aina tatu. Aliona wachezaji wa Njiapanda wamebebana mgongoni. Aliona Mwiru amekaa chini. Na alisikia redio inasema kile inachosema kila Jumamosi, mpira uingie usiingie. Akaelekeza mkono katikati ya uwanja. Goli.

Nilishuka kwenye kichuguu mbio, simu mkononi, bado niko hewani. Mlisikia wengine, nimeambiwa. Kuna mahali nasikika nikihema kama mbuzi. Nikamfikia.

"Mwalimu, shikamoo. Mpira umepita nje."

"Marahaba. Nje kiasi gani?"

"Kidogo."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa mtu wa haki, hilo ndilo linaloniuma. "Dada, wiki iliyopita ulisema kidogo aingize. Nilikuwepo, nilikuwa nachezesha. Ule mpira tuliukuta kwenye shamba la mihogo."

"Ndiyo, lakini leo ni kweli."

"Sasa mimi nitajuaje kwamba leo ni leo?"

Wachezaji wa Upepo walikuwa wametuzunguka. Baba mdogo alikuwepo, na wale wazee wenzake wawili. Nikamgeukia Mwiru. "Mwiru, waambie. Si umeuona umepita nje?"

Mwiru akasimama, akajipangusa vumbi. "Sikuuona, dada. Nilisikia redio inasema kidogo, nikajua umeingia."

Mwalimu Sungi akapuliza kipyenga cha mwisho. Kocha Ntandu alikwenda kwenye mlingoti wa kushoto, akauegemea kwa bega, akakaa hivyo mpaka watu wakaisha.

Jumatatu nilikuta Mzee Jumbe ameshaniandikia taarifa, kwa mwandiko wake mzuri. Upepo FC ya Mgori imeshuka daraja kwa mbinde, baada ya kukosa kidogo. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa taarifa ya kwanza ya kweli kutoka mezani kwake tangu nimfahamu, kila neno lake, na hakuna mtu mmoja katika mkoa mzima ambaye angeiamini.

"Kuna kosa?" akaniuliza.

"Hakuna, mzee."

"Sasa mbona umesimama?"

"Niiseme vipi ili wajue?"

Akaangalia ile chai yake. "Hilo," akasema, "hatujawahi kulihitaji."

Nikamwachia ile karatasi, akaisoma yeye, kwa ile sauti yake, na nasikia ilisikika vizuri. Mimi nilikwenda kwa mhasibu kuuliza utaratibu wa kuacha kazi. Ndiyo maana siku hizi ninauza vitunguu kwa jumla, biashara ambayo gunia likipungua kilo mteja anakuambia imepungua kilo.

Msinielewe vibaya. Sisemi muwe wakatili. Aliyefungwa bado amejiinamia kwake, na Mzee Jumbe alikuwa sahihi kwamba unaongea na huyo. Lakini mtu aliyefungwa sita ukimwambia sita, analia leo, kesho anatafuta kipa. Na mkiona jambo limekaribiana kweli, msikimbilie neno. Semeni kipimo. Semeni vidole viwili, semeni kiganja, semeni unyayo. Kiganja kila mtu anacho, akitaka kuhakikisha atanyoosha mkono.

Kiwanda kilijengwa. Kinafanya kazi vizuri, sina la kukisema. Mafuta yake ni safi na mashudu yake ng'ombe wanayapenda. Watoto wa Kocha Ntandu wanacheza barabarani, wanasimamisha mpira magari yakija. Geti la kiwanda walilitundika kwenye ule mlingoti wa kushoto, maana ulikuwa mti imara na ulikuwa umeshachimbiwa. Mlinzi wa geti ni Mwiru. Kazi ni ileile, ila sasa anaruhusiwa kukaa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu pale kununua mafuta. Mama alikuwa hajawahi kuuliza lolote kuhusu mechi ile. Siku zote nikirudi kutoka uwanjani alikuwa anauliza swali moja tu, kwa Kinyaturu, akiwa anachambua mboga: ngapi? Nikimjibu kwa maneno ya redio alikuwa anaendelea tu na mboga zake. Siku hiyo getini akasimama mbele ya mlingoti, akaweka dumu chini.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, mama."

"Ulipita wapi?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono, akasimamisha kiganja chake pembeni ya mlingoti, akakiangalia, na Mwiru naye akainuka kwenye kiti chake akaja kuangalia.

"Hapa tu?" mama akauliza.

"Hapo tu."

"Kweli ni kidogo," akasema. Akachukua dumu lake, akaingia ndani kupanga foleni.